Siku Firigisi ya Wageni Ilipopotea

Pale sokoni Matayos kuna watu ambao hawalijui jina langu la ubatizo. Wananiita Firigisi, nami huitika, kwa sababu ukikataa jina la utani unaongezewa la pili. Nimenyamaza miaka miwili nikitumaini watasahau, lakini juzi mtoto mdogo anayejifunza kusema aliniita hivyo kabla hata hajajua kuomba maji, basi nimeona afadhali niwaeleze mwenyewe, polepole, jinsi ilivyokuwa, maana wale wengine wanaoisimulia huitia chumvi, na chumvi ndiyo iliyoniponza.

Dada yangu Nabwire alikuwa amepata mchumba, Ouma, dereva wa lori kutoka upande wa Uganda. Walijuana wakati lori la Ouma lilipokwama siku tatu kwenye foleni ya mpaka wa Busia, akawa anakuja kununua chapati kwa Nabwire hata saa ambazo hana njaa. Jumamosi hiyo watu wake walikuwa wanakuja kwetu kuliona boma na kuzungumza habari za mahari, na kati yao alikuwemo Senge Yunia. Senge ni shangazi, dada ya baba, na kwetu kama ilivyo kwao, senge akikunja uso ndoa hiyo mnaisahau.

Huyu Senge Yunia alikuwa na sifa. Kwao walisema ukipoteza kitu usiende kwa polisi wala kwa mganga, nenda kwake umpe kiti na chai. Kengele ya kanisa lao ilipoibwa, yeye ndiye aliyeipata, nyumbani kwa mtu yule yule aliyekuwa akiongoza maombi ya kuitafuta.

Sasa, nyumbani kwake si mbali. Mvua ikianza kwake, sisi huku tunakimbilia kuanua nguo. Lakini mpaka ni mpaka, na katika umri wake wote, sitini na kitu, alikuwa hajawahi kuuvuka, kwa hiyo kwake hiyo ilikuwa safari ya nchi za nje. Ouma alitusimulia baadaye kwamba akina mama wa kanisa walimwombea wakimwekea mikono kichwani, majirani wakamwagiza sabuni ya Kenya, na yeye mwenyewe akalala na viatu vya safari kando ya mto wa kulalia.

Msidhani sisi tulikuwa na akili zaidi. Baba alikipaka choo chokaa, lakini upande mmoja tu, ule ambao mgeni anauona akiwa anakuja. Viti vya sofa tuliazima kwa mwalimu, vitambaa kwa jirani yetu Mama Protasia, chupa za chai kwa watu wanne tofauti. Hata saa ya ukutani tuliazima. Haikuwa na betri, lakini Baba alisema wageni hawaangalii saa inasema nini, wanaangalia kama mnayo.

Asubuhi hiyo Mama aliniuliza, "Taaka, umekunywa chai?"

Nikasema, "Nimekunywa."

Sikuwa nimekunywa. Maziwa yote yalikuwa yamewekewa wageni, na mimi ni mtu ambaye naona haya kuomba hata kitu changu mwenyewe. Ni neno moja tu nilisema. Ningesema bado, ningepewa kikombe cha strungi, chai isiyo na maziwa, na kipande cha kiazi, na leo ningekuwa bado na jina langu.

Kwa wale ambao si wa huku kwetu, nieleze kidogo. Mgeni wa heshima akichinjiwa kuku, analetewa huyo kuku wote kwenye bakuli, asikose kitu, na firigisi ni ya mzee anayeongoza wageni. Mwanamke haigusi, mtoto haigusi, mwenye nyumba mwenyewe haigusi. Kumpa mzee wa ukweni kuku asiye na firigisi ni sawa na kumwonyesha njia ya kurudi kwao. Nawajua watu waliozaliwa tumbo moja ambao hawasalimiani hadi leo kwa ajili ya kipande cha nyama kisichozidi kiazi cha mbegu.

Nabwire mwenyewe ndiye aliyeiosha ile firigisi. Nilimwona akiipasua, akaimenya ile ngozi ya njano ya ndani, akaitupa ngozi nyuma ya jikoni penye shina la mgomba, kisha akaenda kuoga. Jikoni tukabaki mimi na Mama Protasia, ambaye alikuwa amejichagua mwenyewe kuwa mkubwa wa wapishi. Mara tukasikia pikipiki barabarani.

"Onja chumvi," Mama Protasia akaniambia, akatoka mbio kwenda kuwachungulia wageni.

Nikabaki na sufuria, moshi na njaa yangu. Moshi ulikuwa mwingi hata sikuona mkono wangu. Nilichota kwa mwiko kipande kimoja, nikachagua kidogo (kwa adabu, mtaniamini au msiniamini), nikauma. Kilikuwa kigumu. Nikauma tena. Kisha nikasimama pale nikiwa nimeshika kitu mdomoni, na nikaelewa.

Ningeweza kuirudisha kwenye sufuria, lakini ilikuwa na alama ya meno yangu, na mwanya wangu wa mbele ulionekana wazi kama sahihi. Ningeweza kuimaliza, lakini hapo ningekuwa nimeila kwa makusudi. Nikaivingirisha kwa kipande cha tishu, nikifikiri nitapata la kufanya baadaye, na papo hapo Mama akaita, "Taaka, wageni wamefika, kuja upokee mkoba."

Nikaenda. Nilipiga magoti kusalimu kwa mkono wa kulia, wa kushoto nikiuficha nyuma, umefungwa ngumi, supu ikinichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Senge Yunia alikuwa amevaa gomesi ya zambarau, lile gauni refu la kwao, na miwani ya jua, na kwapani alikuwa na chupa ya maji ya kununua, kwa sababu aliambiwa maji ya nchi za nje hubadilisha tumbo (sisi na wao tunachota kijito kimoja). Mkoba wake mweupe ulikuwa mkubwa wa kubebea bata. Nyuma yake alikuja Mzee Egesa, ndugu ya baba yake Ouma na msemaji wao, mwenye kofia na maneno machache, kisha Ouma, akitazama chini kama bwana harusi anavyotakiwa.

"Kwa hiyo hii ndiyo Kenya," Senge akasema akitazama ng'ombe wetu. "Jua lenu ni kali, nyabo." (Kwao nyabo ni mama au bibi.) "Na huku sasa ni saa ngapi?"

Baba alichungulia ndani, kwenye saa ya ukutani. "Saa nne na robo," akasema, kwa sababu ndivyo ile saa ilivyokuwa ikisema tangu tuiazime.

Senge akavua saa yake ya mkononi, akairekebisha.

Nikauchukua mkoba kuupeleka chumbani kwa Mama, na nikiwa mlangoni nikamsikia Mama Protasia akija nyuma yangu kutafuta sinia. Mkono wangu ulifanya kazi bila kuniuliza. Ile tishu niliisukuma ndani ya mfuko wa pembeni wa mkoba, nikisema moyoni, akipita tu naitoa. Lakini kabla hajapita nikasikia kutoka sebuleni, "Binti, nirudishie mkoba wangu. Mtu akiwa nchi ya watu hatengani na karatasi zake."

Akaupakata. Kuanzia hapo hakuuachia, akaukumbatia kama mtoto mchanga, na mbwa wetu Simba, ambaye hajawahi kumpenda mgeni yeyote na amewahi kumrarua katekista suruali, akaja akakaa miguuni pake na kuweka kidevu juu ya goti lake.

"Mbwa wa Kenya wanapenda wageni," Senge akasema, akamkuna kichwa.

Chakula kikaletwa. Wageni wakanawa, Baba akaomba, bakuli la kuku likawekwa mbele ya Mzee Egesa. Alizungusha kijiko mara moja. Akazungusha tena, sasa polepole, akiinua paja, akiinua shingo. Kisha akakilaza kijiko mezani na kutazama dirishani.

Senge akavua miwani. "Mzee, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Firigisi haimo?"

"Mimi sijasema," akajibu Mzee Egesa, lakini mkono wake ulikuwa tayari umeanza kwenda kwenye kofia.

Baba akakohoa. "Labda huyu kuku..."

"Labda huyu kuku alizaliwa bila?" Senge akauliza. Akasimama. "Mtu asiguse chakula. Ngojeni."

Akakunja gomesi, akatoka, akazunguka jikoni, na tukamwona kwa dirisha akiinama penye mgomba na kupekua majivu kwa kijiti. Alirudi na kitu juu ya jani. Ilikuwa ile ngozi ya njano.

"Kuku hana kosa," akasema. "Firigisi ilikuwepo, ilifika jikoni, ikamenywa vizuri. Aliyeichukua ni mtu. Waje wote waliokanyaga jikoni leo."

Tukaja watatu. Wa nne, Mama, alibaki nyuma ya pazia kwa sababu ya heshima ya mkwe (hawezi kukaa chumba kimoja na Ouma), kwa hiyo alihojiwa akiwa pazia.

"Wewe pazia, uliingia jikoni?"

"Niliingia kuchukua moto, mama, nikatoka."

"Na wewe?" Hapo alikuwa amemgeukia Mama Protasia.

"Mimi si wa nyumba hii, sisemi kitu," akasema Mama Protasia, ambaye hajawahi kukosa cha kusema. "Lakini aliyeiosha ni Nabwire."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilitoka kidogo."

"Kufanya nini?"

"Kuwaangalia ninyi."

"Ukamwacha nani?"

"Huyu." Akanionyesha kwa kidevu.

Senge Yunia akanitazama. Mimi nilikuwa nikivitazama vidole vya miguu yangu. "Huyu?" akasema. "Huyu hata kusalimu hawezi. Mwizi huwa na macho makavu." Akanipita. Hivyo ndivyo mpelelezi wa kimataifa alivyoniondoa kwenye hesabu.

Akabaki Nabwire.

"Niliosha, nikaweka kwenye sufuria, nikaenda kuoga," Nabwire akasema.

"Nani alikuona ukiiweka?"

Dada yangu akafikiri. Alikuwa mtu mkweli sana, ndiyo shida yake. "Sijui," akasema.

Mzee Egesa akakohoa na kwa mara ya kwanza akasema maneno mengi. "Msichana anayekula firigisi ya mgeni kabla hajaolewa, akishaolewa atakula nini?" Akavaa kofia.

Ouma akainua kichwa. "Baba mdogo, mimi hata kama ni yeye..."

"Wewe nyamaza. Hujaoa bado."

Nabwire hakulia kwa sauti. Machozi yalimshuka tu kwenye gauni alilolishona kwa majuma matatu, tena usoni alikuwa amepakwa poda, ikawa inachora mistari. Akanitazama. Hakunitazama kama mtu anayejua. Alinitazama kama unavyotafuta uso unaoujua ukiwa umepotea katikati ya mji. Nikasogea kwenye pazia, nikaona nianze na Mama, kwa kunong'ona.

"Mama."

"Nini?"

"Hakuna."

Baba alikuwa amesimama. Baba ni mpole, lakini siku hiyo shingo ilimvimba. "Nyumbani kwangu hakuna mwizi," akasema. "Kama mnataka kupekua, pekueni."

"Vizuri," Senge akasema. "Mikoba yote mezani. Na nitaanza na wangu, ili mtu asije akasema mgeni kutoka nje amewadharau wenyeji."

Nilitaka ardhi ipasuke. Ardhi ya kwetu ni tifutifu, lakini siku hiyo ilikataa.

Akatoa karatasi yake ya kusafiria iliyofungwa kwa nailoni mara tatu. Akatoa chupa ya pili ya maji, Biblia ndogo, mshumaa, tishu nzima ya chooni, na mayai ya kuchemsha na chumvi yake (aliogopa chakula cha nje). Kila kitu alikionyesha kwa watu kama mwuzaji mnadani. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa pembeni.

Tishu ilikuwa imelowa. Aliifungua kwa vidole viwili. Firigisi ikaanguka mezani, ikabingirika, ikasimama kando ya bakuli.

Saa ya ukutani ingekuwa na betri tungeisikia.

"Yunia," akasema Mzee Egesa taratibu. "Hata huku nje?"

Senge aliduwaa, lakini kidogo tu. Akajibu kwa kufungua mdomo wake mbele ya watu wote na kuonyesha kwamba meno ya mbele hana hata moja. Kisha akaichukua firigisi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Aliyeuma hapa ana meno," akasema. "Tena ana mwanya."

Watu wote wakamgeukia Nabwire, kwa sababu Nabwire ana mwanya kama wangu, tuliupata kwa Mama, na Mama alikuwa pazia.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia.

"Ni mimi," nikasema tena.

"Taaka, ngoja wakubwa wazungumze," Baba akasema.

Mara ya tatu sijui sauti ilitoka wapi. Ilitoka kama ya utingo anayeliongoza lori kurudi nyuma: "Niliyeuma firigisi ni mimi Taaka." Ikatokea kwamba sekunde hiyo watu wote walikuwa wamenyamaza, na majirani walikuwa kwenye ua, na hivyo ndivyo habari ilivyofika Matayos kabla yangu.

Na mtu asiyezoea kusema, akianza hajui pa kuishia. Nikasema habari ya chai ambayo sikunywa. Nikasema habari ya moshi na ya chumvi, ya tishu na ya mkoba. Nikasema Nabwire hana hatia, yeye aliiosha tu. Ningeishia hapo. Lakini nikaendelea kusema kwamba sofa ni ya mwalimu, vitambaa ni vya Mama Protasia, choo kimepakwa chokaa upande mmoja, na saa ya ukutani haina betri. Baba akafumba macho.

Muda huo wote Senge Yunia alikuwa ameiinua firigisi, akinisikiliza, mkono ukimshuka kidogo kidogo kwa mshangao. Ulipofika usawa wa goti, Simba akafungua mdomo. Hakutafuna.

Senge akatazama vidole vyake vitupu. Kisha akatazama saa yake ya mkononi. "Kwa hiyo," akauliza, "hii si saa nne na robo?"

Nikaona mabega ya Mzee Egesa yanatikisika. Nilidhani ni hasira. Akavua kofia, akajifunika nayo uso, na alipoishusha alikuwa na machozi ya kicheko. "Huyu binti amekula na amesema mwenyewe mbele za watu," akasema. "Kwetu wanaokula ni wengi, wanaosema sijawaona. Nabwire, mwanangu, pangusa uso. Lakini jamani, firigisi bado sijaiona."

Kuku aliyebaki alikuwa analalia mayai, kwa hiyo Baba akamchinja jogoo aliyekuwa akituamsha. Nikapewa nimpike peke yangu, na Senge Yunia akaweka kigoda mlangoni pa jikoni kulinda sufuria. Alikaa pale akimenya mayai yake. La pili akanipa mimi, pamoja na chumvi.

"Kula," akasema. "Mwenye njaa hapikii wageni. Aliyekuacha peke yako na sufuria ndiye mwizi." Mama Protasia aliyekuwa akikata vitunguu akajifanya hakusikia.

Firigisi ya jogoo niliipeleka peke yake kwenye sahani, nikapiga magoti, Mzee Egesa akapokea kwa mikono miwili na watu wakapiga makofi. Mazungumzo yakaenda vizuri kabisa. Baadaye wengine walitoka kwenda kuona mahali ng'ombe wa mahari watakapofungwa, mzee akabaki mezani akisema anamalizia heshima yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikikusanya vikombe. Nilimwona akitafuna. Akaihamishia shavu la kushoto, akaihamishia la kulia, akapumzika, akajaribu tena. Jogoo alikuwa mzee na mwenye kumla alikuwa mzee zaidi. Mwishowe akatazama mlango, akatazama dirisha, akaitoa mdomoni, akaivingirisha kwa tishu na kuitia mfuko wa koti.

Alipoinua macho tukakutana.

"Binti," akasema polepole. "Wewe si huwa unanyamaza?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi endelea hivyo hivyo."

Tuliwasindikiza hadi barabarani. Simba alitembea nyuma ya Mzee Egesa njia nzima, pua ikiwa imegusa mfuko wa koti, na mzee akiongeza mwendo naye anaongeza. Senge Yunia akavaa miwani yake ya jua, akawatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nilisema mimi," akasema. "Mbwa wa Kenya wanapenda wageni."

Nabwire sasa ameolewa, yuko ng'ambo, ana mtoto mwenye mwanya. Senge Yunia bado anasimulia jinsi alivyofumbua kesi ngumu nchi za nje, na kila akisimulia mwizi anazidi kunenepa. Nikienda kuwatembelea wananipa kiti cha mbele, lakini nikielekea jikoni namsikia mtu akianza kuhesabu vipande. Ya Mzee Egesa nilikuwa nimeyanyamazia hadi leo, na mkivuka mpaka msije mkamwambia nimesema.

Mimi nimeapa mambo mawili. Sionji tena chumvi ya sufuria yoyote ambayo si yangu, hata nikiagizwa na askofu. Na mtu akiniuliza kama nimekunywa chai, nasema bado. Leo asubuhi nimeulizwa mara tatu, na nimekunywa mara tatu.